Mtakatifu Aliyehamia Zizini

Asubuhi ya kutabarukiwa kwa kanisa, Bethoc alikuwa akichekecha majivu kwenye ungo. Askofu angeyamwaga sakafuni na kuandika herufi juu yake kwa ncha ya fimbo, kwa hiyo yalitakiwa yawe laini kama unga. Kaka yake Maldoven, padri wa parokia, alisimama mlangoni akitafuna mkate wa shayiri.

"Utamtaja Luachan kwa askofu?" Bethoc aliuliza.

"Nikuapie mara ngapi, dada? Haki ya Luachan mwenyewe, nitamtaja."

Miaka ile askofu alikuwa akizunguka Uskoti kutabaruku makanisa ambayo watu walikuwa wakisali humo tangu enzi za mababu bila kutabarukiwa. Kanisa la bonde la Arvie lilijengwa na Mtakatifu Luachan kwa mikono yake, naye akazikwa chini ya altare. Bethoc alikuwa amemfagilia kanisa lake miaka thelathini.

Askofu alifika kabla ya adhuhuri, matope hadi magotini. Aligonga mlango mara tatu kwa fimbo, akaingia, akaandika herufi zake majivuni, akapaka mafuta ya krisma misalaba kumi na miwili ukutani. Kisha akauliza kanisa lile ni la mtakatifu gani.

"La Mtakatifu Petro, Baba Askofu," alisema Maldoven.

Bethoc alimtazama kaka yake. Kaka yake alitazama chupa ya mafuta.

"Kuna mwenye neno?"

Ete, aliyeponywa upofu na Luachan, alirekebisha kilemba. Gilbert, aliyeopolewa mtoni na mtakatifu huyohuyo, aliinama kufunga kiatu. Bethoc akafungua mdomo. Maldoven akakohoa kidogo, kikohozi kile alichomkoholea tangu utotoni alipotaka amfichie jambo. Bethoc akaufunga.

Hapo Luachan akatoka chini ya altare, akajipangusa magoti, akapita katikati ya watu akikanyaga majivu. Alikuwa mzee mfupi, mwenye masikio makubwa.

"Mzee huyu anakwenda wapi?" aliuliza askofu.

"Anahama," alijibu Ete.

Askofu alilalamika kwamba herufi tatu zimevurugwa, akaziandika upya.

Bethoc aliporudi nyumbani alimkuta Luachan zizini, amekaa juu ya gunia la shayiri.

"Binti, nipe nafasi kando ya ng'ombe. Sitakusumbua."

"Nilitaka kusema, Baba."

"Nilikuona. Mdomo ulifunguka."

Hakumlaumu zaidi ya hapo. Bethoc angependa amlaumu. Alimpa uji, naye akaukataa kwa kuwa ulikuwa na chumvi.

Kesho yake alimfuata Maldoven kanisani. Mafundi wa bwana wa ngome walikuwa wakipima paa. Bwana huyo alimpenda Petro, na aliahidi paa jipya la mawe kwa kanisa litakalobeba jina lake.

"Uliniapia," alisema Bethoc.

"Nilikuapia kwa nani?"

"Kwa Luachan."

"Basi kiapo kimehama naye." Akacheka, akamwomba amshikie ngazi.

Akamshikia.

Watu wa Arvie walizoea upesi. Walimjia Luachan zizini kwa mlango wa nyuma. Ete alileta mjukuu mwenye homa. Luachan alimshika kichwa, homa ikatoka. Ete alimwachia Bethoc mayai manne, kisha akaenda kumwashia Petro mshumaa.

"Kwa nini kwa Petro?" aliuliza Bethoc.

"Shoga, kanisa ni lake. Utamshukuru mtu wa zizini mbele za watu?"

Mwezi Juni alikuja Maldoven, shavu limevimba kama boga. Alikaa kwenye gunia, akaachama. Luachan aliingiza vidole viwili, akalitoa jino pamoja na maumivu yake, akamwekea kiganjani. Bethoc alisimama na ndoo ya maziwa akisubiri. Neno moja tu lingemtosha.

Maldoven alifuta mdomo.

"Jumapili usichelewe, dada. Ni sikukuu ya Petro, na sauti yako ndiyo inayowaongoza wengine." Akaondoka akipitia nyuma ya ghala.

Jumapili Bethoc alivaa nguo safi. Luachan alimtoa makapi nywelani, akamwambia kwamba yeye mwenyewe ndiye atakayemkamua ng'ombe. Kanisani paa lilikuwa limekamilika na halikuvuja. Bethoc aliimba jina la Petro kwa sauti kubwa, sauti ya mtu aliyeimba miaka thelathini, na watu wote wakamfuata.