Nyumba Tatu za Jumamosi

Kila Jumamosi alasiri, nikitoka kupiga pasi mashuka ya hospitali, mimi na mume wangu hukaa mbele ya televisheni kutazama watu wakitafuta nyumba. Huonyeshwa tatu, huchagua moja. Yeye hukosoa rangi, maana alikuwa fundi rangi mpaka alipoanguka kazini akavunjika nyonga. Mimi navutwa na kitu kimoja tu: mle ndani watu wanakataa. Mwanamke anaingia jiko kubwa kuliko kwetu kote, anakunja uso, anasema dogo. Basi, anapelekwa kwingine. Sijui kama kuna raha kuipita hiyo.

Sisi tunakaa ghorofa ya nne. Nyonga ile haitaki vidato, kwa hiyo mume wangu ana miezi mitano hajakanyaga ardhi. Alichoomba ni mlango wa chini, atoke mwenyewe akaote jua, asibebwe kama gunia.

Jumamosi iliyopita dalali alinipigia nikiwa kazini: chumba na jiko, chini kabisa, na kibaraza. Nikampigia mume wangu.

"Kakague vizuri, mama watoto," akasema. "Usiparamie tu."

Nikaenda na miguu yangu iliyovimba. Kilikuwa chumba kizuri. Kizingiti chake hata yeye na fimbo angekivuka. Ilinipasa kusema ndiyo palepale, lakini nikasikia mdomo wangu unauliza, "Na zile nyingine mbili?"

Dalali akanitazama. "Zipo, ila ziko juu, mama. Si umesema una mgonjwa?"

"Nionyeshe tu."

Sina cha kujitetea. Nilijua hazitatufaa. Lakini maisha yangu yote nimepokea nilichopewa: zamu, godoro, ghorofa ya nne. Nilitaka mara moja tu nami nikunje uso. Tukapanda. Nikasema dirisha dogo, nikasema sakafu mbaya, na kusema kweli nilifurahi.

Tuliposhuka, mama mmoja alikuwa anapima dirisha la chini kwa ajili ya pazia. Mwenye nyumba alishampa funguo.

"Chelewachelewa, mama," dalali akasema, wala hakuimalizia.

Nilipanda ghorofa zetu nne nikipumzika kila moja. Nilimkuta kwenye kiti karibu na mlango, amevaa viatu. Vile vyake vya kutokea, amevipiga rangi, na kamba kazifunga mwenyewe. Sijui aliinamaje.

"Haya, tumechukua ipi?"

"Tumeikataa," nikasema. "Jiko dogo."

Akawaza kidogo, akatikisa kichwa kukubali. "Umefanya vizuri. Si lazima tuchukue kila tunachopewa."

Nikapiga magoti nimvue viatu. Kamba alikuwa amezifunga mafundo mawili mawili.