Kamusi Iliyokanyagwa

Mzee Nirmalendu hakuwa na mzaha katika duka lake la vitabu vya watoto pale Kolkata. Mguu wako ukigusa kitabu, hata kwa bahati mbaya, ukiguse kwa mkono, kisha uupeleke mkono kipajini, umwombe radhi Saraswati, mungu wa kike wa elimu kwa Wahindu. "Elimu haikanyagwi!" alikuwa akifoka, na watoto walitembea humo kwa kunyata kama paka.

Siku moja Tuktuki, binti wa miaka sita, alitaka kitabu cha simbamarara kilichokuwa rafu ya juu kabisa. Mzee akatafuta kigoda, hakukiona. Akasonya, akavuta kamusi nene, akapanda juu yake.

"Babu!" Tuktuki akapiga ukelele. "Umeikanyaga!"

Mzee akashuka, akaigusa kamusi, akagusa kipaji.

"Haya, yameisha."

"Yameisha wapi? Hiyo ni kamusi, babu. Umekanyaga maneno yote. Liombe radhi kila moja!"

Watoto wakacheka hadi wakagaagaa. Mzee akatafuta neno la kuwakemea, akalikosa. Akavaa miwani, akafungua ukurasa wa kwanza, akaanza kugusa neno moja moja.

"Polepole, babu," Tuktuki akasema. "Hilo umeliruka."