Kupunguziana Mzigo

"Sijasema nimelisahau koti lako. Nimesema nimelitoa," alisema Baba Pacha, huku akikunja soksi ambayo ilikuwa imeshakunjwa. "Si ndiyo sheria yetu? Wewe unapunguza la kwangu, mimi napunguza la kwako."

"Sheria yetu inasema unanionyesha ulichokitoa," mkewe alijibu.

"Basi nilisahau kukuonyesha."

"Ahaa. Kumbe kipo kilichosahaulika."

Shanta la Mama Pacha lilikuwa limelala mdomo wazi juu ya kitanda cha nyumba ya wageni, na vitu vyake vimetandazwa kwenye shuka kama bidhaa za mnadani: mfuko wa kulalia, sweta, kofia ya sufu, chujio la maji, kopo la plastiki lenye kifuniko, kijiko kimoja, mswaki uliokatwa mpini. Alichokuwa anakitafuta, koti la mvua, hakikuwepo. Na huko nje, kwenye uwanja wa geti la mlima, Kiongozi wa njia alikuwa ameshaanza kukagua mizigo ya kundi. Tangu siku ya kujiandikisha mwanamke yule alikuwa amewaambia wote bila kupepesa macho: asiye na koti la mvua hapandi, asiye na hema hapandi, na asije mtu kumlilia getini.

"Anga jeupe namna hii," Baba Pacha alisema, akichungulia dirishani. "Mvua itoke wapi?"

"Kamwambie Kiongozi hivyo. Labda atakupa kazi yake."

Safari hii ilikuwa ya Mama Pacha. Ni yeye aliyeianzisha. Alianguka kwenye ngazi za karakana yake ya kushona mabegi ya shule, goti likavimba kama boga, na daktari akamwambia atembee. Akaanza kutembea hadi kona ya mtaa, kisha hadi sokoni, kisha akawa anapanda kilima cha mnara wa simu alfajiri na kurudi kabla pacha hawajaamka kwenda shule. Siku moja alimaliza kilima kile bila kusimama, akakaa juu ya jiwe akalia, maana tangu ajifungue hakuwa na kitu alichokifanya kwa ajili yake peke yake. Siku hiyohiyo akaamua kwamba atapanda mlima wenyewe, ule wa kulala njiani, hadi kwenye ziwa lililoko juu.

Mume alijiunga baadaye, na kama wengi wanaochelewa kuingia dini, akawa ndiye mwenye imani kali kuliko wote. Goti la Mama Pacha halikuweza mzigo mzito, hilo lilikuwa wazi, kwa hiyo shabaha ikawa wepesi. Baba Pacha akahamishia mizani ya jikoni sebuleni. Akapima viatu. Akapima soksi, moja moja. Alikata lebo za nguo, alikata ncha za kamba, alikata mipini ya miswaki mpaka mama mkwe, alipokuja kuwachukua wajukuu, akauliza kama duka la mwanawe limefilisika.

"Kijiko kimoja watu wawili?" mama mkwe aliuliza. "Mnakwenda kulala nje kwa hiari yenu, na kijiko kimoja?"

Lakini kila mtu ana kitu anachokionea huruma. Baba Pacha hakuweza kuacha kiti chake cha kukunja, na Mama Pacha hakuweza kuacha taulo kubwa. Ndipo wakatunga sheria: mwenye shanta halipunguzi mwenyewe. Wanabadilishana. Mke anapekua la mume, mume anapekua la mke, na kila kinachotolewa kinawekwa mezani mwenzake akione. Walikuwa wanakaa sakafuni wakipekuana na kuchekana, na kwa miezi ile nyumba ilikuwa na raha ambayo haikuwa imeonekana kwa muda mrefu. Yeye alimtolea mumewe kiti, suruali ya tatu na tochi inayoweza kummulika mwizi wa mtaa wa pili. Vyote aliviweka mezani. Kimoja tu kilimshinda: jiko la gesi.

"Tule chakula cha kuloweka," alimwambia. "Shayiri na maharage yaliyokaushwa, unatia maji kwenye kopo, unatembea nalo, jioni kimelainika. Hakuna jiko, hakuna mtungi, hakuna sufuria."

"Na kahawa yangu ya asubuhi niiloweke pia?"

Walicheka. Jiko likabaki kwenye shanta la mume, na kopo likabaki kwenye la mke, kila mmoja na madhehebu yake. Na hema alilishona Mama Pacha mwenyewe pale karakanani, kwa kitambaa chepesi kama ganda la kitunguu, likisimama juu ya fimbo mbili za kutembelea badala ya nguzo. Lilitosha watu watatu, kwa sababu wifi yake naye alikuwa anakuja. Wifi alikuwa mkimbiaji. Nyumbani walimwita Swala.

Sasa Baba Pacha akaacha soksi. Akakaa kwenye ukingo wa kitanda na kuilainisha sauti, ile sauti anayotumia dukani mteja anaporudisha redio.

"Sikiliza, mama. Huenda ni heri. Hapa pana baraza nzuri. Una kitabu chako. Ukipumzika siku tatu, sisi tunapanda na kushuka, tunakukuta hapa, goti limetulia..."

Mama Pacha akamtazama.

"Siku tatu? Safari ni ya siku tano."

Baba Pacha akaichukua tena ile soksi. "Nimesema kwa kukisia."

Mama Pacha alitoka akaenda kugonga mlango wa pili, kwa Swala. Nia yake ilikuwa kuomba turubai, plastiki, chochote kinachozuia maji ambacho angeweza kukikata na kukishona kabla Kiongozi hajafikia jina lake. Sindano na uzi vilikuwa mfukoni. Fundi hasafiri bila sindano.

"Karibu, wifi!" Swala alikuwa amepiga goti akifunga kamba za viatu. "Umekuja kuniaga? Mimi nikadhani bado umelala."

Juu ya kiti, mgongoni pa shanta la Swala, palikuwa na koti la mvua la rangi ya kijivu. Kwenye kifundo cha mkono wa kulia palikuwa na kiraka kidogo kilichoshonwa kwa uzi wa manjano. Uzi wa kijivu ulikuwa umekwisha siku ile Mama Pacha alipokishona karakanani, naye akaona uvivu kwenda kununua mwingine.

"Hilo koti umelipata wapi?"

Swala akageuka akalitazama, kisha akamtazama yeye. Uso wake ulikuwa wazi kabisa, na hilo ndilo lililomchoma Mama Pacha zaidi.

"Si umeniazima? La kwangu linavuja mabegani. Kaka alisema wewe hutalihitaji kwa kuwa umeamua kubaki. Goti." Akasita. "Akasema nisikuulize, utaona haya."

"Alisema lini?"

"Wifi..."

"Lini, Swala?"

"Tangu lile zoezi la mwisho. Tulipokungoja pale darajani."

Mama Pacha alipakumbuka vizuri pale darajani. Alikuwa amechelewa, ndiyo, goti lilikuwa linauma, na alipofika Baba Pacha alimpa maji na kumwambia, "Unakwenda vizuri sana, mke wangu." Usiku ule walibadilishana mashanta kama kawaida. Alimwachia lake bila kuangalia nyuma, kama mtu anavyomwachia kinyozi shingo. Tangu hapo kila kicheko cha pale sakafuni kilikuwa na mtu mmoja anayecheka na mwingine anayejua. Wahenga walisema kikulacho ki nguoni mwako, lakini hata wao hawakusema kwamba kitakula na nguo yenyewe.

Alilichukua koti. Swala hakumzuia. Alisema tu, kwa sauti ndogo, "Naapa sikujua," na akaacha kamba za viatu zikining'inia, akamfuata.

Baba Pacha alikuwa amesimama dirishani. Alipoliona koti mkononi mwa mkewe alijua, lakini binadamu hata akishikwa na kuku kwapani huuliza kuku yupi.

"Ah, limeonekana!"

Mama Pacha akampita. Akaliinamia shanta la mumewe, lililokuwa limefungwa tayari mlangoni, akavuta zipu. Juu kabisa kulikuwa na jiko. Chini ya jiko kulikuwa na kahawa. Na chini ya kahawa, limekunjwa vizuri ndani ya mfuko wake, kulikuwa na hema. Jana yake mchana lilikuwa kwenye shanta la mke, na kwa kutafuta koti hakuwa ameona kwamba nalo halipo.

Swala alipoliona, akasema, "Kaka, jamani."

"Wewe nyamaza, mambo ya mtu na mke wake hayakuhusu," Baba Pacha alisema. Kisha kwa mkewe: "Nilikuwa nakuonea huruma. Unajua mwendo wa Swala. Kwa mwendo wako ni siku tano, kwa wetu ni tatu. Na lile goti likikushinda kule juu, nani atakubeba?"

"Kwa nini hukuniambia?"

"Ungelia."

"Ningelia, ndiyo. Halafu?"

Baba Pacha akatazama sakafu.

"Ulitaka Kiongozi aniambie," Mama Pacha alisema polepole, kama mtu anayepapasa mshono gizani na kukuta ulipoachia. "Nifike pale getini, mbele ya kundi zima, nifungue shanta, koti halipo. Nirudishwe. Nirudi hapa nikijilaumu kwamba mimi ni mzembe, nimelisahau. Na wewe ungenikumbatia, si ndiyo? Ungesema pole. Ungeniambia safari ijayo."

"Mama Pacha..."

"Ungesema pole?"

Masikio yalikuwa yamemwiva Baba Pacha, na hilo lilikuwa jibu.

Mama Pacha alitamani kumpiga kwa jiko. Alitamani pia kukaa chini pale sakafuni, kama walivyozoea, amuulize ni siku gani hasa mkewe alipoacha kuwa mtu wa kusafiri naye akawa kitu cha kutolewa. Lakini nje sauti ya Kiongozi ilisikika ikiita jina la mtu, ikaita la mwingine, na jina lake lilikuwa karibu. Njia ya mwongo ni fupi. Ya mlima ndiyo ndefu, na ilikuwa inafungwa.

Akaanza kupakia. Mikono yake ilijua kazi: mfuko wa kulalia chini, sweta, chakula, hema lake pembeni. Kopo la kuloweka likaingia ubavuni. Hakulifungua shanta la mumewe zaidi ya hapo. Jiko, mtungi, sufuria na kahawa aliviacha palepale. Koti akalivaa, ingawa jua lilikuwa linawaka, akafunga zipu mpaka kidevuni. Akachukua fimbo zake mbili.

"Unafanya nini?" Baba Pacha aliuliza.

"Sheria yetu," alisema. Akakichukua kile kijiko kimoja, akakinyanyua juu mumewe akione vizuri, kisha akakitia mfukoni mwake. "Nakuonyesha ninachokitoa. Nimetoa hema. Nimetoa kijiko. Na nimekutoa wewe."

"Bila hema sisi tutapandaje?"

"Sisi nani?" Akamgeukia Swala, aliyekuwa amesimama mlangoni na kamba zake hazijafungwa. "Wewe umedanganywa kama mimi. Hema lina nafasi yako. Koti la kaka yako halivuji, mwambie akuazime. Yeye hatalihitaji, ameamua kubaki. Ukija, njoo. Lakini kule juu utatembea mwendo wangu."

Hakusubiri jibu. Alipita ukumbini, akapita baraza nzuri yenye viti vyake, akavuka uwanja. Goti lilikuwa linauma kidogo, kama lilivyouma siku zote kwenye hatua za kwanza.

Kiongozi alilinyanyua shanta lake kwa kidole kimoja, akakunja uso.

"Mbona jepesi hivi? Jiko?"

"Sina. Naloweka."

"Hema?"

Akalionyesha.

"Wewe si ulijiandikisha na mume? Yuko wapi?"

Nyuma yake, kwenye dirisha la nyumba ya wageni, sauti ya Swala ilikuwa imepanda, ikidai koti. Mama Pacha hakugeuka.

"Amebaki," alisema. "Ananionea huruma."

Kiongozi akautazama mkono ule wa koti wenye kiraka cha manjano, kisha akamrudishia shanta na kusogea pembeni. Mama Pacha akalivaa, akakaza mkanda kiunoni, akapita geti.