Cherehani Haitatoka Wakati wa Dhoruba

Asubuhi ya Jumanne, katika karakana ya ushonaji yenye cherehani kumi na mbili na feni moja inayozunguka pale inapojisikia, kura zilihesabiwa mara tatu, na mara zote tatu zikakataa kubadilika. Sita ndiyo. Sita hapana.

Kilichopigiwa kura kilikuwa kwenye boksi juu ya meza ya kukatia: lebo elfu nne za kushonwa ndani ya kola za mashati. Mteja wa ng'ambo aliyeagiza mashati hayo alikuwa amezituma kwa ndege. Zilikuwa lebo nzuri, laini, zenye herufi za dhahabu, na kasoro yao ilikuwa moja tu: zilisema mashati yameshonwa katika nchi ambayo hakuna fundi hata mmoja pale aliyewahi kuikanyaga. Mteja alieleza kwa barua kwamba wanunuzi wa kwao wanaiamini zaidi nchi hiyo. Asiyetaka kuzishona azirudishe, na oda itakwenda kwingine. Atapiga simu saa sita kamili kupokea jibu.

"Lebo ni kitambaa," alisema Overloki, fundi aliyeitwa hivyo kwa jina la mashine yake na kwa sababu naye hakuacha ukingo wowote bila kuupitia. "Shati haliulizwi limezaliwa wapi. Linaulizwa limebana au halijabana."

"Wewe hata mtoto wako ungempa jina la jirani kama jirani angetoa oda," alijibu Bi Vifungo, mama wa miaka sitini na moja aliyekuwa upande wa hapana.

"Inategemea jirani gani."

Watu wakacheka, hata wa hapana, kisha wakakumbuka kwamba wamegombana, wakanyamaza.

Katibu wa kikundi, kijana waliyemwita Kamusi kwa sababu alijua lugha ya Mteja na hakuona haya kuwakumbusha, alikuwa ameinamia daftari la kumbukumbu kana kwamba ameangusha sindano ndani yake. Alikuwa anasubiri jambo moja lisitokee. Likatokea.

"Tunayo katiba," alisema Bi Vifungo, akafungua kijitabu chenye jalada la plastiki. Alivaa miwani taratibu, kama hakimu. "Ibara ya tisa. 'Kura zikilingana, kauli ya mwisho ni ya nahodha, kwa maana cherehani haiendeshwi kwa sukani mbili.' Nahodha ni mwenyekiti. Na ibara ya kumi inasema mtunza kumbukumbu za safari hapigi kura, kwa hiyo Kamusi hatuokoi. Mimi sipendi, lakini sheria ni sheria."

Macho yote yakamgeukia mwenyekiti, ambaye ndiye shangazi yake Kamusi, aliyemlea tangu akiwa na meno mawili. Shangazi aliivua tepu shingoni, akaikunja polepole. Kila mtu alijua atakachosema. Karakana hii aliianzisha yeye kwa cherehani moja ya kukanyaga kwa mguu, na asingekubali ifungwe kwa ajili ya kipande cha kitambaa chenye upana wa vidole viwili.

Hapo ndipo Kamusi alipoingiwa na ubaridi, maana katika watu wote mle ndani ni yeye peke yake aliyejua ibara ya tisa ilikotoka.

Ilikotoka ni hivi. Miezi mitatu nyuma Mteja alituma fomu yenye swali: kikundi kina katiba? Kikundi hakikuwa na katiba. Kilikuwa na Shangazi. Kamusi akapewa wiki mbili aiandike. Siku kumi na tatu alizitumia kutafakari mfumo bora wa utawala, akiwa amelala chali. Siku ya kumi na nne alishusha kutoka mtandaoni katiba ya chama kimoja cha waendesha mashua, huko mbali kabisa, akaipitisha kwenye kitafsiri, kisha akaiamuru kompyuta iondoe kila neno "mashua" na kuweka "cherehani", na kila "bandari" iwe "karakana". Kompyuta ilitii kwa sekunde moja. Haikuuliza swali lolote, tabia ambayo Kamusi aliipenda sana kwa mfanyakazi. Mwisho akachapa juu ya jalada: *Imetungwa na Wanachama Wenyewe.*

Katiba ikasomwa mbele ya mkutano. Ikatangazwa kwa sauti kwamba cherehani haitatoka karakanani wakati wa dhoruba, na kwamba asiyejua kuogelea hataruhusiwa kupanda cherehani. Wanachama wakapiga makofi kwa muda mrefu. Sheria nzito huwa hazieleweki, kila mtu anajua.

Sasa Kamusi alijaribu kufikiri, mawazo yakasokotana kama uzi chini ya bamba. Yeye binafsi alizichukia zile lebo. Kama angekuwa na kura angesema hapana, na angetoa hotuba. Lakini mtu aliyeibandikia katiba ya mashua lebo ya cherehani atasimama na mdomo gani kulaani lebo ya shati? Akinyamaza, Shangazi ataamua kwa mamlaka ambayo hana, na uongo utashonwa mara elfu nne. Akisema, atamwaibisha Shangazi mbele ya mafundi wake. Na je, ni kosa lipi kubwa zaidi? Na kama hakuna katiba, yeye mwenyewe ni katibu wa nini?

"Basi," Shangazi alianza, "kwa kauli ya nahodha..."

"Shangazi, wewe si nahodha."

Alishtuka kusikia ni sauti yake. Akasimama, akaeleza yote: mashua, kitafsiri, amri ya kompyuta, siku kumi na tatu za kulala chali. Alipomaliza, feni ilizunguka mara mbili, ikasita.

Wa kwanza kusema alikuwa Bi Vifungo. Alizungumza kwa upole wa kutisha.

"Kamusi mwanangu. Ile ibara ya kuogelea."

"Ni ya mashua, Bi Vifungo."

"Jumamosi nne nimeenda bwawani. Jumamosi nne nimekunywa maji yenye dawa, nimeshikwa kiuno na mwalimu mwenye umri wa mjukuu wangu, ili nisije nikafukuzwa kazi."

"Kwani hukujiuliza?" aliuliza Overloki, akijitahidi kuwa na uso wa msibani.

"Nilijiuliza. Nikasema labda ni mambo ya bima."

Shangazi hakucheka wala hakufoka, na hilo lilimtisha Kamusi kuliko fimbo. Alikichukua kile kijitabu, akakisoma jalada, akakiweka chini kifudifudi.

"Nahodha hakuna," alisema. "Sawa. Basi mimi ni mwanachama kama wengine, na kura yangu ni ndiyo. Saba kwa sita. Tumemaliza."

"Hatujamaliza," alisema Bi Vifungo. "Kama ibara ya tisa imekufa, na ya kumi imekufa. Kamusi naye ana kura."

Kamusi akasema hapana kwa sauti ndogo. Saba kwa saba.

Vurugu ikazaliwa upya. Mmoja alisema kura ya mwongo haihesabiwi. Mwingine akauliza kwa sheria gani, kwa kuwa sheria haipo. Wa tatu akapendekeza wapige kura kuamua kama wanaruhusiwa kupiga kura. Pendekezo likapigiwa kura, nalo likatoka saba kwa saba. Overloki alisema afadhali ile katiba ya mashua, angalau ilikuwa inaelea. Kamusi aliandika kila kitu daftarini, kisha akaacha, kwa sababu hakujua tena anayaandika kwa niaba ya nani.

Simu ikaita saa sita kamili.

"Weka sauti juu," Shangazi alimwambia Kamusi. "Umweleze kilichotokea. Chote. Na usinitengenezee maneno."

Hakuna mwingine mle aliyejua lugha ile. Kamusi angeweza kusema lolote na lingekuwa kweli kwa pande zote mbili. Wazo hilo lilimjia, likakaa, likamtazama. Akalipita, akatafsiri yote, pamoja na mashua, bwawa na saba kwa saba.

Mteja akacheka, kicheko kizuri cha mtu asiye na ubaya na mtu yeyote, akasema maneno machache.

"Anasemaje?" aliuliza Shangazi.

"Anasema tusijisumbue. Hata hiyo katiba hakuisoma. Fomu yake ilitaka tiki tu. Na lebo ni hivyo hivyo. Tuzishone tu, kwa sababu hakuna anayesoma."

Shangazi aliinua lebo moja kutoka kwenye boksi, akaisogeza karibu na macho, akaisoma mpaka mwisho, pamoja na zile alama za kufulia.

"Mimi nilipiga makofi siku ile," alisema, bila kumtazama mtu. "Nilisikia kabisa habari za dhoruba. Nikajisemea, watakaoelewa wataelewa. Na wote humu tulikuwa tunamsubiri huyo atakayeelewa." Akairudisha lebo ndani. "Nabadilisha kura. Mwambie hapana. Mwambie kwa adabu."

"Dada mkubwa, oda itakwenda," alisema Overloki. Hakukuwa na mzaha tena kwenye sauti yake.

"Najua. Niliitafuta mimi."

Kamusi akatafsiri. Mteja naye akajibu kwa adabu, akawatakia heri, akasema boksi lirudishwe kwa fomu iliyomo ndani, na simu ikakatika.

Hakuna aliyeshangilia. Wa hapana walionekana kama watu walioshinda ugomvi na sasa hawajui waupeleke wapi ushindi, na wa ndiyo walianza kuzifunika mashine zao mapema. Kamusi alitoa ile fomu, akaijaza hadi mstari wa mwisho, akakwama.

"Inataka sahihi ya mtu mwenye mamlaka," alisema. "Nafasi ni ya mmoja."

Shangazi alisema yeye si nahodha, ameambiwa leo hii. Bi Vifungo alisema yeye ni mwogeleaji tu. Wakabishana tena, safari hii kwa sauti za chini, mpaka Overloki, aliyepiga kura ya ndiyo na bado alikuwa wa ndiyo, akaivuta fomu, akatia sahihi yake kwenye kona, ndogo kama tundu la kifungo, akampa aliyemfuata.

Ikazunguka karakana nzima. Ilipomfikia Kamusi karatasi ilikuwa imejaa mbele na nyuma, kwa hiyo akatia sahihi yake juu ya boksi lenyewe, pembeni ya gundi, baada ya kusoma kila kilichoandikwa hapo.