Baiskeli ya Kazi Mbili

Mzee Heche Mwikwabe wa Kewanja aliuza maksai ili binti yake anunue baiskeli, na habari ilifika kila boma kabla vumbi la mnada halijatulia.

"Heche," jirani yake Simioni alimwambia walipokuwa wamekaa uani, "kwa wenzako binti huingiza ng'ombe bomani. Wako anawatoa!"

"Lango ni lilelile, Simioni," Mzee Heche akajibu. "Wa kuingia na wa kutoka wote hupita hapohapo."

Wazee wakacheka, mazungumzo yakahamia kwenye mvua. Lakini Gati, binti mwenyewe, aliyekuwa akichambua mboga jikoni, alibaki ameshika jani moja mkononi. Baba yake alikuwa amesema vizuri, ila maksai yule alikuwa wa jembe, na msimu wa kulima haukuwa mbali. Akajiapia kwamba baiskeli atakayoichagua haitakuwa ya kumfanya mzee ajute.

Gati alimaliza chuo Mwanza mwaka uliopita, sasa anafundisha kwa kujitolea katika shule ya msingi. Alitaka mambo mawili. La kwanza ni mashindano ya baiskeli ya Mugumu, kwenye barabara za vumbi, ambayo mwaka huu yangekuwa na kundi la wanawake. La pili ni safari. Kule chuoni wenzake walikuwa wakimuuliza kwao kukoje, naye akagundua kwamba anaijua barabara moja tu, ile inayopita basi. Likizo ijayo alitaka kufunga mzigo wake, avuke mto Mara, apite kijiji kwa kijiji hadi Natta, alale kwa watu, asikie habari zao, arudi na kitu cha kuwaambia watoto darasani. Baiskeli ya mbio huwa nyepesi na haipendi mzigo. Ya safari hubeba mzigo na haipendi mbio. Na maksai aliyeuzwa alikuwa mmoja.

Asubuhi ya Jumamosi wakapanda gari hadi Tarime, kwa fundi Hamidu, anayeuza baiskeli za mtumba nyuma ya soko. Njiani mzee alisema neno moja tu.

"Tukifika, wewe angalia. Mimi nitaongea."

Hamidu aliinuka na matambara yake ya grisi. "Shikamoo, mzee. Karibuni. Dada, hujambo?"

"Marahaba. Tumepita tu kuangalia," alisema Mzee Heche, kana kwamba katika mji mzima hakuna kilichomleta.

Baiskeli zilikuwa zimeegemezwa ukutani. Gati aliiona mara moja. Ilikuwa ya kijani iliyofifia, usukani umepinda chini kama pembe za kondoo dume, lakini tairi zake si zile nyembamba za lami. Zilikuwa na kashata, vinundu vya mpira vya kung'ata udongo, na kati ya tairi na fremu palibaki nafasi ya matope kupita. Akainama. Karibu na ekseli ya nyuma paliachwa matundu mawili ya skrubu. Hapo keria ingefungika.

"Umeona mbali, dada," alisema Hamidu. "Hiyo wanaiita saiklokrosi. Huko ilikotoka wanashindana nayo kwenye matope. Wakikuta kizuizi wanashuka, wanaibeba begani, wanaruka, wanapanda tena wanakimbia. Nyingi hazina matundu ya keria, maana ni za mbio tu. Hii inayo."

Mzee Heche aliitupia jicho, akaligeuza upesi. "Baiskeli imbebe mtu, halafu mtu aibebe baiskeli? Sasa nani ni punda hapo?"

Hamidu akacheka. Gati hakucheka. Baba yake alikuwa ameshaipita, amesimama mbele ya baiskeli kubwa nyeusi ya milimani, yenye keria ya nondo. Akaigonga fremu kwa kifundo cha kidole. Akaikandamiza siti kwa viganja viwili. "Hii, sasa," alisema kwa sauti ya kusikika hadi sokoni. "Hii ina mgongo. Tazama kifua hiki! Hii unaipakia magunia mawili na bado inakuuliza la tatu liko wapi."

"Lakini kwa mashindano ni nzito, mzee," Hamidu alisema.

"Mashindano ni siku moja. Mzigo ni kila siku."

Gati aliyasikia maneno hayo yakitua kifuani moja moja. Basi hivyo ndivyo mzee alivyokuwa akiona. Hakuwahi kusema kwamba anamwamini kwenye mbio. Gati alikuwa amejijazia mwenyewe. Akaitazama ile ya kijani mara moja zaidi. Kisha akamkumbuka maksai akisukumwa nje ya lango, na mzee akimfuata bila kugeuka nyuma. Mtu aliyetoa maksai wake hanyimwi kuchagua.

"Fundi," akasema, "tunachukua hiyo nyeusi. Baba ameipenda."

Mkono wa Mzee Heche ulikuwa bado juu ya siti. Hamidu alikuwa ameshaanza kuitoa ukutani.

"Ngoja, fundi. Gati, njoo hapa."

Wakaenda pembeni, penye marundo ya rimu mbovu. Mzee akahamia Kikurya, akinong'ona kwa hasira.

"Nani amekwambia naitaka ile?"

"Tata," Gati akamwita baba yake kwa lugha ya kwao, "umeisifia mpaka watu wa sokoni wamesikia."

"Nimeisifia! Ndiyo, nimeisifia! Gati, tangu lini mtu mnadani akamsifia ng'ombe anayemtaka? Anayemtaka hata hamtazami. Akimtazama mara mbili, mwenye ng'ombe anapandisha bei pale pale. Mimi ile ya kijani nimeiona kabla hatujaingia. Nimejikaza shingo mpaka inauma!"

Gati akamtazama. Kweli, shingo ya mzee ilikuwa ngumu kama ya mtu aliyelala vibaya.

"Nilidhani unataka nibebe mizigo tu."

Hasira ikamtoka mzee kama pumzi. Akavua kofia, akaivaa tena.

"Mwanangu, ningetaka wa kubeba mizigo ningebaki na maksai."

Gati alijifuta jicho kwa kiganja, na mzee akageuka akajifanya anakagua rimu mbovu, moja baada ya nyingine.

Waliporudi, Mzee Heche alijaribu kuuvaa tena uso wake wa mnadani. "Fundi, ile nyeusi tumeiona. Hebu hii nyingine nayo tuijaribu, tusije tukaambiwa hatukuangalia. Lakini ng'ombe hanunuliwi kabla hajafungwa nira. Ifunge keria."

Hamidu akaifunga. "Mzigo uko wapi, mzee?"

"Mzigo ni mimi."

Nyuma ya soko kuna mlima mfupi wa changarawe. Gati akapanda baiskeli, baba yake akakaa kwenye keria na miguu yake mirefu akaitanua pembeni. Walipita tambarare kama upepo, wauza nyanya wakipiga vigelegele. Mlima ulipoanza, pedeli zikawa jiwe. Gati akasimama juu yake, akasukuma, akasukuma tena. Katikati baiskeli ikagoma.

Mzee akashuka. Gati alikuwa akihema, kichwa chini.

"Ni miguu yangu, baba."

"Si miguu. Nira haijakaa vizuri." Akapaza sauti. "Fundi! Njoo uone!"

Hamidu akaja, akachuchumaa nyuma ya gurudumu, akahesabu meno ya gia. "Mzee umesema kweli. Hii ilitengenezwa kukimbia na mtu asiye na mzigo. Haina gia ya kupandia mzigo. Nipeni nusu saa." Akaitoa gia ya nyuma ya ile nyeusi, yenye meno mengi, akaipachika kwenye ya kijani na mnyororo mrefu kidogo. "Zile za mbio zipo palepale. Nimekuongezea ya mlimani tu."

Mara ya pili Gati aliufikia mlima, akashusha gia, na pedeli zikazunguka. Hazikwenda haraka, ila zilizunguka. Nyuma yake baba yake alikuwa akimhimiza kwa sauti ileile anayowahimizia maksai shambani, kisha akasahau kuhimiza akaanza kucheka, kicheko cha tumboni ambacho Gati hakukumbuka alikisikia lini mara ya mwisho. Walifika juu. Kutoka hapo paa za mabati za Tarime zilikuwa chini yao zote.

Waliposhuka, Hamidu alikuwa amekunja mikono. "Sasa, mzee, kuhusu bei..."

Mzee Heche akafungua mdomo, akaufunga. Akamtazama Gati, akaitazama baiskeli, safari hii bila kujificha.

"Lipa, mwanangu," akasema. "Atakachosema fundi ndicho hicho."

Gati alitaka kuipakia juu ya gari la kurudi. Mzee akakataa. Baiskeli iliyonunuliwa, alisema, huenda nyumbani kwa magurudumu yake. Yeye mwenyewe akachukua bodaboda, dereva kijana anayeitwa Ryoba, wakamfuata Gati nyuma kwenye barabara ya Nyamongo, kuelekea Kewanja.

"Mzee, mbona tunatambaa?" Ryoba aliuliza baada ya muda. "Nimpite?"

"Usimpite."

"Mafuta yanaisha bure, mzee."

"Nimesema usimpite. Mtazame anavyokwenda."

Barabara ikateremka. Gati aliinama juu ya usukani, akabadilisha gia, na vumbi likainuka nyuma yake.

"Haya, kijana," alisema Mzee Heche, akimshika Ryoba bega kwa nguvu. "Kaza sasa! Anatuacha!"