Jiko Upande wa Kushoto

Mimi ni fundi umeme, na jikoni kwa wazazi wangu kulikuwa ni aibu yangu. Chumba chenyewe ni hatua nne kwa tatu, na Mama alikipanga kana kwamba moto ni mgeni anayekaribishwa: jiko la umeme chini ya pazia, birika la umeme ubavuni mwa sinki, na friji, vyote vitatu viking'ang'ania waya mmoja wa nyongeza uliopita sakafuni penye majimaji. Nilisema nikachoka. Ilikuwa kumpigia mbuzi gitaa.

"Baba yako ameshazoea," alikuwa akinijibu, na maneno yanaishia hapo.

Baba haoni tangu utotoni. Alifundisha shule ya wasioona mpaka akastaafu, na vidole ndiyo macho yake. Kwa vidole anasoma vitabu vyake vya nukta nundu, kwa vidole anajua shati lipi ni lipi, na sisi wanawe alitujua kwa kutupapasa nyuso. Mama alipofariki, ndugu walitaka kumchukua wakae naye. Akakataa katakata.

"Nitakaa kwangu," alisema. "Mikono si ninayo?"

Nikaona sasa hakuna wa kunizuia. Nilienda na vifaa vyangu, nikafanya kazi kutwa. Jiko nikalihamishia kushoto, mbali na pazia, juu ya meza iliyokuwa ya mkate, likapata soketi yake lenyewe. Birika nikaliondoa kwenye maji. Friji nikaisogeza kidogo kutoka ukutani ipate hewa, na mkate nikaupeleka kulia. Nilijipongeza, sifichi. Hata mkaguzi angekosa la kusema.

Kisha nikamshika Baba mkono, nikamzungusha mle ndani mara moja. Mara moja tu, maana kulikuwa na mteja ananisubiri.

"Jiko kushoto, mkate kulia. Umeshika, Baba?"

"Nimeshika, mwanangu. Ila mkono huu mzee, hausikii upesi kama masikio."

Nikacheka. "Utauzoesha tu."

Siku ya tatu, asubuhi, jirani akanipigia simu. Baba alichemsha chai yake vizuri, akaepua sufuria, akazima jiko kama nilivyomwelekeza. Ndipo akataka mkate. Mkono ukaenda kushoto, kule ulikokwenda kwa miaka thelathini, ukatua wote juu ya jiko. Jiko la sahani nzito ya chuma halipoi kwa sababu tu limezimwa. Hilo nalijua kuliko mtu yeyote, na sikumwambia.

Ulikuwa mkono anaosomea. Hospitalini daktari alisema ngozi itaota, lakini kuhusu ncha za vidole hakuahidi kitu.

"Hisia zikirudi, shukuruni," alisema, akaenda kwa mgonjwa mwingine.

Nilikaa kando ya kitanda nikiutazama ule mkono uliofungwa bandeji mpaka kiwikoni. Nilijichukia. Nilijiambia kwamba akiamka nitamwomba radhi, na nilikuwa naipanga sentensi ya kwanza wakati Shangazi, dada yake Baba, alipoingia akihema. Alikuwa ametokea nyumbani kwa Baba, na jikoni alikwishapita.

"Ni nani aliyeliweka jiko mahali pale?" aliuliza kwa sauti ya kusikika wodi nzima. "Mtu mwenye akili zake anamwekea asiyeona jiko pale?"

Wagonjwa wakageuka. Muuguzi naye akasimama. Mimi, fundi, niliyebishana na Mama miaka yote hiyo, mdomo ukanitangulia.

"Ndivyo Mama alivyopanga."

Shangazi akaguna. Akasema marehemu alikuwa mtu mzuri, lakini kwa hili alikosea sana. Baba alikuwa amelala kimya, nami nilidhani dawa zimemchukua. Akageuza uso kuelekea sauti yangu.

"Mama yako," alisema taratibu, "hakuwahi kuniunguza."

Kisha akasema ana kiu. Nilikuwa karibu na glasi, nikanyoosha mkono, lakini yeye akamwomba Shangazi ampe maji.