Jambazi wa Karata

Mtaani kwetu mimi naitwa Jambazi, na jina hilo nimelitolea jasho. Nikikaa kwenye karata, hakuna anayenyanyuka na ushindi. Mpwa wangu, karani wa polisi, nimemfunga kuliko wote, ila kukubali mbele za watu? Thubutu!

Sasa, binti yangu yuko ng'ambo, na alikuwa anakaribia kujifungua mtoto wa kwanza. Akanililia kwenye simu, "Mama, usiniache peke yangu." Nikaomba viza. Polisi wa kule wakaomba taarifa zangu kwa polisi wa huku, na aliyejaza fomu ni nani kama si huyo mpwa wangu? Penye "anajulikana pia kama" akaandika: Jambazi.

Likaja swali: aliiba nini? Viza ikasimama.

Nilitinga ofisini kwake. "Wewe mtoto, akili umeziacha wapi?"

"Shangazi, fomu inataka ukweli!"

"Rekebisha sasa hivi!"

Akaandika mbio mbio kwamba mimi huwanyang'anya watu karata tu. Mfasiri wa kule akaelewa kadi. Kadi za benki! Kesho yake wakauliza genge langu lina watu wangapi.

Zilibaki siku tisa binti ajifungue. Nilikaa kwenye benchi la kituo nikalia, mtu mzima mimi. Bosi wake, mama mmoja mpole wa miwani, akaniambia taarifa ikishavuka mpaka haifutwi kwa kelele. Aliyeituma lazima aandike maelezo na kutia sahihi, ndipo wenzake wa kule wairekebishe.

"Eleza kwamba ni mchezo," akamwambia mpwa wangu. "Na useme umejuaje."

Kijana akaitazama kalamu kama sindano. Kisha akayatazama macho yangu mekundu, akainama, akaandika: "Ni mchezo. Najua, kwa sababu mimi mwenyewe nimefungwa mara arobaini."

Mungu ampe maisha marefu! Viza ikatoka, nikafika binti yangu ameanza uchungu, nikamshika mkono mpaka mwisho.

Juzi mpwa wangu kanipigia simu. Polisi wa kule wamemwandikia bosi wake: shangazi hana kosa, lakini mtu aliyefungwa mara arobaini amepewaje kazi kituoni?

Nilicheka mpaka mjukuu akaamka.

"Usijali mwanangu," nikamwambia, "nitakuandikia maelezo. Ila ukweli nitausema: zilikuwa arobaini na mbili."